Bei ya Kuvunja Mkataba

Ukitoka kisiwa cha Mombasa kwa njia ya Makupa, ukavuka maji na kushika upande wa Changamwe, utaiona Kipevu mkono wako wa kushoto. Ni mahali pa winchi ndefu, na makasha ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine mfano wa matofali, na mitambo ya umeme, na matangi ya mafuta. Gati ya kwanza ya mafuta ilijengwa hapo mwaka 1963, na kituo kipya cha makasha kikafunguliwa mwaka 2016. Watu wengi huitazama wakiwa ndani ya matatu, kisha wakapita. Lakini mimi nataka wewe, msomaji, usimame nami hapo kitambo kidogo, uelekeze macho ng'ambo ya pili ya maji, ziliko gati kongwe za Kilindini. Huko, kwa miaka mingi, watu waligombania jambo ambalo siku hizi husikika zaidi katika viwanja vya kandanda kuliko gatini: mtu akisha kuandikwa kazi, ni nani mwenye haki ya kuyavunja maagano, na avunjaye atozwe nini? Insha hii yaanza kwa makuli na yaishia kwa makocha. Usidhani kwamba mwandishi amepotea njia. Njia yenyewe ndiyo ipitayo huko.

Lugha yetu ina maneno mawili ya kupendeza katika habari hizi. Mtu apatapo kazi, husemwa ameandikwa. Aondolewapo, husemwa amepigwa kalamu. Kalamu ni ile ile. Zamani, hata hivyo, bandarini palikuwa na maelfu ya watu ambao kalamu haikuwajua ila kwa kikaratasi kidogo tu. Neno kibarua, kama uonavyo mwenyewe, maana yake ni barua ndogo: cheti alichopewa mtu aliyefanya kazi ya kutwa kuwa ushahidi, apate kukibadili kwa fedha. Katika karne ya kumi na tisa, vibarua wengi wa Mombasa na Unguja walikuwa watumwa waliotolewa na mabwana zao kwenda kutafuta ujira mjini, na ujira huo iliwapasa kugawana na bwana. Hali ya utumwa ilipofutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, bwana aliondoka katika mgawo, lakini kibarua akabaki.

Fikiri hali ya mtu huyo. Asubuhi alisimama langoni pamoja na wenzake, na mnyapara akachagua wale aliowataka kwa meli ya siku ile. Jioni maagano yamekwisha. Mwajiri asiyemhitaji kesho yake hakuwa na haja ya kumfukuza. Alimwacha tu, kama mtu aachavyo kununua samaki kwa mchuuzi fulani akaenda kwa mwingine. Hapakuwa na notisi wala fidia, maana hapakuwa na kitu cha kuvunja. Lakini yafaa tuwe waadilifu. Kibarua naye alikuwa na uhuru wa aina yake. Akitaka kwenda kulima shamba lake, alikwenda. Akitaka kupumzika baada ya siku tatu za kubeba magunia, alipumzika, na hakumwomba mtu ruhusa. Wenye makampuni ya gatini walilalamika sana juu ya uhuru huo, wakauita uvivu. Mimi siuiti hivyo. Ilikuwa milango miwili iliyo wazi, mmoja wa mwajiri na mmoja wa mfanyakazi, na kwa kuwa hapana uliokuwa na bei, aliyekuwa na njaa kidogo zaidi ndiye aliyefaidi. Na huyo hakuwa kuli.

Sasa mtazame jirani yake, mtu aliyetia alama ya kidole katika mkataba wa miezi kadhaa. Huyu alikuwa na uhakika wa posho, lakini mlango wake ulifungwa kwa kufuli. Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1906 ilifanya kuacha kazi kabla ya muda kuwa kosa la jinai. Yaangalie sana maneno hayo. Mfanyabiashara aliyevunja maagano na mwenzake alishtakiwa kwa madai, akalipa hasara. Mtumishi aliyevunja maagano na bwana wake alishtakiwa kama mwizi, akatozwa faini au kutiwa kifungoni. Kisha, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1915 na kuanza kutumika vita ilipokwisha, mwaka 1919, kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 alilazimishwa kuchukua kipande, na wengi wakakivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Humo mwajiri aliandika siku aliyomwandika mtu, mshahara wake, na siku aliyomruhusu kwenda zake. Asipotia saini ya ruhusa, mtu huyo hakuweza kuandikwa mahali pengine ila kwa hatari ya kukamatwa. Kijana wa leo akisikia kwamba mchezaji wa kandanda amezuiwa kuhama kwa kukosa barua ya kuachiliwa, hudhani ni jambo la michezo. Babu zake wangalitambua mara moja jambo lenyewe.

Watu wa Mombasa hawakuyapokea hayo kimya. Mwaka 1939 walisimamisha kazi. Tarehe 13 Januari 1947 waligoma tena, na mara hii mgomo uliwakumba watu wapatao 15,000: wa gatini, wa reli, wa mahotelini, hata watumishi wa majumbani. Mji ulinyamaza kwa muda wa siku zipatazo kumi na mbili. Mikutano ilifanyika Kiembeni, na chama kilichoyashika maneno ya watu kiliitwa Shirikisho la Wafanyakazi wa Kiafrika, ambalo kiongozi wake alikuwa Chege Kibachia. Eliud Mathu, mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, aliwaendea wagomaji akawasihi warudi kazini, na baraza la hukumu lililoongozwa na Jaji Thacker likachunguza habari za mishahara. Kibachia alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka ule ule akahamishiwa Kabarnet, akakaa kifungoni miaka mingi. Mwezi wa Machi 1955 makuli waligoma mara nyingine; safari hii Tom Mboya, katibu mkuu wa muungano wa vyama vya wafanyakazi, alikwenda Mombasa akasimama katikati, na hukumu ya usuluhishi iliwaongezea mshahara wa karibu theluthi moja. Miaka michache baadaye, kazi ya kutwa ilikuwa imeanza kuachwa na mahali pake pakashikwa na kazi ya mwezi.

Hapo ndipo kalamu ilipobadilika. Mtu wa mwezi hawezi kuachwa tu kama kibarua. Ni lazima afukuzwe, na kufukuzwa kuna taratibu, na taratibu zina gharama. Mwajiri alipata watu wa kutegemewa kila asubuhi. Akatoa, badala ya hayo, sehemu ya ule uhuru wake wa kumwacha mtu bila neno. Mfanyakazi naye alipoteza siku zake za shambani. Vijana wengi husoma habari za migomo hiyo wakadhani ilihusu shilingi tu. Ilihusu shilingi, bila shaka, lakini ilihusu pia swali letu la bei ya kuachana.

Sasa tuingie uwanjani, na hatuna haja ya kwenda mbali. Mamlaka ya Bandari ina klabu yake ya kandanda iitwayo Bandari, ambayo uwanja wake uko Mbaraki, kule kisiwani, na ambayo mwaka 2019 ilitwaa Ngao ya Shirikisho la Kenya. Watu waendeshao winchi za Kipevu hushangilia timu hiyo kama mali yao. Utasikia mazungumzo yao baada ya kushindwa mara mbili au tatu: kocha aondoke! Ni neno rahisi kutamkwa na mtazamaji. Tujifunze sasa jinsi lilivyo ghali kwa mwenye kutia saini.

Mwezi wa Februari 2013 Shirikisho la Kandanda la Kenya lilimwandika Adel Amrouche, mzaliwa wa Algeria aliyepata kuifundisha timu ya taifa ya Burundi, kuwa kocha wa Harambee Stars. Mwanzo ulikuwa mwema. Tarehe 12 Desemba 2013, siku Kenya ilipotimiza miaka 50 ya uhuru, timu yake iliishinda Sudan mabao mawili kwa bila mjini Nairobi, ikatwaa Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati. Mwaka uliofuata mambo yaligeuka. Kocha alitiwa adhabu na Shirikisho la Afrika kwa kisa cha mchezo wa Comoro. Kisha, mwanzoni mwa Agosti 2014, Kenya ilitolewa na Lesotho katika mashindano ya kufuzu Kombe la Afrika, baada ya kufungwa bao moja Maseru na kushindwa kufunga hata bao moja Nairobi. Kutolewa na Lesotho! Hasira ya wananchi ilikuwa kubwa, na siku chache tu baadaye Shirikisho lilimpiga kalamu kocha pamoja na wasaidizi wake.

Lakini mkataba wake ulikuwa bado na miaka mbele yake. Na mkataba, msomaji wangu, hausomi matokeo ya mechi. Ikiwa umeandikwa kwamba kocha atalipwa kwa muda fulani, basi kushindwa na Lesotho si kosa la kuufuta, ila kama waliotia saini waliandika hivyo tangu mwanzo. Amrouche alipeleka madai yake kwa FIFA, na shauri likafika katika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo iliyoko Lausanne, nchi ya Uswisi. Shauri lilikwenda polepole, kama mashauri yote yaendavyo, na lilipokwisha Kenya ilikuwa imeamriwa kulipa kiasi cha dola milioni moja, yaani zaidi ya shilingi milioni 100 za Kenya. Mwaka 2020 FIFA ilionya kwamba deni lisipolipwa, Kenya itaondolewa katika mashindano ya kufuzu Kombe la Dunia la 2022. Hatimaye Kenya ilicheza mashindano hayo, lakini fikiri ni vijana wangapi waliokuwa karibu kukosa nafasi ya kulivaa vazi la taifa kwa sababu ya saini iliyotiwa miaka sita kabla yake.

Jambo moja katika kisa hiki hunisumbua kuliko kiasi cha fedha. Shirikisho lililomfukuza kocha mwaka 2014 liliongozwa na Sam Nyamweya. Lililodaiwa mwaka 2020 liliongozwa na Nick Mwendwa, aliyechaguliwa mwaka 2016. Maana yake ni kwamba sifa za kumwondoa kocha aliyechukiwa zilichumwa siku moja na mtu mmoja, na gharama yake ikamwangukia mwingine. Bandarini zamani hesabu ilikuwa tofauti: aliyemwacha kibarua leo, ndiye aliyekosa mtu wa kupakua meli kesho. Katika vyama na mashirikisho, mwenye kukasirika na mwenye kulipa si mtu mmoja, na ndiyo sababu hasira hupata nafasi kubwa namna ile.

Wala jambo hili si la Afrika peke yake. Katika Marekani, vyuo vikuu vina timu za mpira wa namna yao ambazo hujaza viwanja vikubwa kuliko vyote tulivyo navyo, na makocha wake hulipwa kuliko wakuu wa vyuo. Huko wameifanya bei ya kuachana kuwa fungu la mkataba lenyewe: huandikwa mapema kwamba chuo kikimfukuza kocha kitalipa kadha, na kocha akikimbilia chuo kingine atalipa kadha. Mwezi wa Novemba 2023 Chuo Kikuu cha Texas A&M kilimwondoa kocha Jimbo Fisher, na kwa mujibu wa mkataba kikabaki na deni lake la zaidi ya dola milioni 75, apewe mtu ambaye hatafundisha hata siku moja zaidi. Miaka kumi na sita kabla ya hapo mlango ulifunguliwa kwa upande wa pili. Kocha Rich Rodriguez alitoka Chuo Kikuu cha West Virginia mwezi wa Desemba 2007 akaenda Michigan, na mkataba wake ulimtaka alipe dola milioni nne. Alibisha, akashtakiwa, na mwaka 2008 fedha zote zikakubaliwa kulipwa: Michigan ilitoa milioni mbili na nusu, na yeye akabeba zilizobaki. Unaweza kusema kwamba hizo ni fedha za kufuru, na mimi sitakupinga. Lakini katika kisa cha pili kila mtu alijua bei tangu siku ya saini, na ugomvi wote ulikwisha kwa muda wa miezi saba au minane.

Bei iliyoandikwa, hata hivyo, si dawa ikiwa pande mbili huisoma kwa macho mawili. Katika nchi jirani ya Tanzania, mchezaji Feisal Salum, kijana wa Zanzibar aliyependwa mno na mashabiki wa Yanga, aliamua mwezi wa Desemba 2022 kuondoka katika klabu hiyo, ingawa mkataba wake ulikuwa wa kufika mwaka 2024. Alitia katika hesabu ya klabu shilingi milioni 112 za Tanzania: milioni 100 kuwa bei ya kuvunja mkataba, na milioni 12 kuwa mshahara wa miezi mitatu. Kwa hesabu yake, mlango ulikuwa umelipiwa. Yanga wakazirudisha fedha, wakisema kwamba mkataba hauvunjwi na mkono mmoja. Mwezi wa Januari 2023 Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya Shirikisho la Tanzania iliamua kwamba angali mchezaji wa Yanga. Akaomba hukumu itazamwe upya, akakataliwa. Basi akakaa nje ya uwanja miezi mingi, mtu mwenye miguu ya dhahabu, hachezi. Kisa kilikwisha mwezi wa Juni 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipowakaribisha Yanga chakula cha jioni Ikulu na kuwataka walimalize jambo hilo. Siku chache baadaye mchezaji akahamia Azam.

Mashabiki wa Yanga watanikasirikia, lakini nitasema nionavyo. Klabu ilikuwa na hoja ya kisheria, na kamati iliikubali. Lakini angalia pengo lililopo kati ya ile milioni nne ya mshahara wa mwezi na ile milioni mia ya kuondokea. Mtu huyo angalifanya kazi zaidi ya miaka miwili, bila kula wala kuvaa, ili apate bei ya kufungua mlango wake mwenyewe. Si kufuli kama lile la mwaka 1906, maana hapana aliyetishwa kwa kifungo. Lakini ni mlango mzito.

Waingereza nao walikuwa na kufuli lao, na lilikuwa zito kuliko hilo. Kwa desturi yao ya zamani, klabu iliweza kumzuia mchezaji hata baada ya mkataba wake kwisha, isimruhusu kwenda kwingine wala isimlipe. George Eastham wa Newcastle United alikataa jambo hilo mwaka 1960. Akaacha mpira akaenda kufanya kazi ya kuuza, mpaka klabu ikachoka ikamwachilia kwenda Arsenal. Angaliweza kunyamaza hapo, maana amekwisha pata alichotaka. Hakunyamaza, alikwenda mahakamani, na mwaka 1963 jaji akaamua kwamba desturi ile ilimnyima mtu haki ya kutafuta riziki. Miaka 32 baadaye, tarehe 15 Desemba 1995, Mahakama ya Ulaya iliamua katika shauri la Mbelgiji Jean-Marc Bosman kwamba mchezaji aliyemaliza mkataba huenda atakako ndani ya Jumuiya ya Ulaya bila klabu yake ya kale kudai chochote. Bosman mwenyewe alikuwa amekwisha poteza miaka yake mizuri ya kucheza. Waliofaidi ni wengine, kama walivyofaidi wengine kwa kifungo cha Kibachia.

Kumebaki neno moja juu ya Amrouche. Mwezi wa Machi 2023 Tanzania ilimwandika kuwa kocha wa Taifa Stars, na chini yake timu ikafuzu kwenda Ivory Coast katika Kombe la Afrika. Huko, mwezi wa Januari 2024, Shirikisho la Afrika lilimfungia michezo minane kwa maneno aliyoyasema juu ya Morocco. Viongozi wa Dar es Salaam walikuwa na sababu ya kukasirika, tena mashindano yalikuwa katikati na nchi nzima inatazama. Wakamkabidhi timu Hemed Suleiman, wakatoa taarifa. Taarifa hiyo haikusema kwamba kocha amefukuzwa. Ilisema kwamba amesimamishwa. Mtu aliyeisoma habari ya Nairobi ya mwaka 2014 hawezi kulipita neno hilo upesi.